Sifa za Kitundu

Wapo waliosifu simba, wapo waliosifu mvua, na kila msimu wa kampeni wapo wanaomsifu mheshimiwa mpaka mate yawakauke. Sijasikia aliyepanda jukwaani kukisifu kitundu. Nasema kile kitobo ambacho hata ncha ya sindano haipiti, kilichojikalia kwenye gasketi iliyochoka, katika mtambo wa kiwandani unaochemsha vitu ndani ya ombwe. Methali yetu imeshampaka matope ndugu yake ufa, kwamba usipomziba utajenga ukuta. Leo nawatetea wote wawili.

Kwanza nasaba, maana mtukufu hakosi ukoo. Katika miaka ya 1650, huko Magdeburg nchini Ujerumani, Otto von Guericke aliunganisha mabakuli mawili makubwa ya shaba, akaifyonza hewa iliyokuwa ndani, kisha akafunga farasi huku na huku wavute. Farasi walitoka jasho, mabakuli hayakuachana. Alipofungua vali ndogo na hewa ikaingia, yaliachana yenyewe. Kilichowashinda farasi kilimalizwa na tundu moja. Historia ikaliandika jina la Guericke na kulisahau tundu, kama inavyowafanyia vibarua siku zote.

Ajira rasmi ilikuja karibu mwaka 1812, Edward Charles Howard wa Uingereza alipovumbua namna ya kupika sukari katika chombo kilichofungwa na kupunguzwa hewa. Kazi hiyo ikaenea duniani hadi huku kwetu magharibi mwa Kenya, ambako kiwanda cha Nzoia, Bungoma, kilianzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Na popote panapopikwa kwa ombwe, kitundu kiko langoni kikisubiri kuandikwa kazi.

Mtu wa Endebess hahitaji kuelezwa sana habari za ombwe, mlima umeshamfundisha. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya Elgon, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Mombasa. Ndiyo maana maharagwe yetu hula kuni mpaka mpishi akate tamaa. Kiwanda kinaitaka hali hiyo kwa wingi zaidi. Shinikizo likiteremshwa hadi milimita 150 za zebaki, maji huchemka kwenye nyuzi 60, na maji ya miwa hukolea bila kuungua. Hesabu ni ileile kwenye mnara wa kukenekea spiriti au mafuta mazito, ambamo mchanganyiko huchemshwa, mvuke ukapanda ngazi kwa ngazi, na kila kimoja kikatokea mlango wake. Sasa acha shinikizo lipande kutoka 150 hadi 234: maji hayachemki tena mpaka nyuzi 70. Sukari inaanza kubadilika rangi, mafuta yanaanza kuungua, na meneja anaanza kupiga simu.

Tuje kwenye fadhila. Ya kwanza ni kutunza siri. Pipa la chang'aa likitoboka, mvuke hutoka nje. Harufu inafika kwa jirani, kisha kwa mzee wa nyumba kumi, kisha kwa chifu, na mama pima anajikuta akieleza mambo marefu. Kitundu cha ombwe hakina umbea huo. Hewa ndiyo inayoingia, wala hakuna kinachotoka: hakuna tone sakafuni, hakuna mvuke, hakuna harufu. Fundi anaweza kukiegemea mchana kutwa akinywa chai, asijue ameegemea nini.

Ya pili ni kiasi. Shinikizo la ndani likishuka chini ya nusu hivi ya lile la nje, hewa inayopenya huwa imeshafikia kasi ya sauti, na haiongezeki tena hata ulete pampu ngapi. Kitundu kimepata fungu lake, kimeridhika. Nionyesheni kamati ya zabuni yenye tabia hiyo.

Ya tatu ni ukarimu. Lita moja ya hewa ikipenya mahali ambapo shinikizo ni sehemu moja ya kumi ya lile la nje, hutanuka ikawa lita kumi. Hewa hiyo haigeuki maji kama mvuke ugeukavyo. Inatanda kwenye mabomba ya kondensa, mvuke unamopozwa uwe maji, na kuuzuia usiguse baridi. Ejekta, zinazofyonza hewa kwa nguvu ya mvuke wa boila, zinapata kazi isiyokwisha, na boila inadai makapi zaidi ya miwa. Nani mwingine ameajiri wengi hivyo bila hata tangazo?

Ya nne ni huruma. Chombo chenye ombwe kamili huku Endebess hubebeshwa na hewa karibu tani 8 kwenye kila mita ya mraba. Mombasa ni zaidi ya 10. Kitundu hakiwezi kutazama dhuluma hiyo kikanyamaza. Kinapenyeza hewa kidogo kidogo, haba na haba, kumpunguzia mnyonge mzigo.

Lakini kipaji chake kikubwa ni ualimu. Fundi mwenye pupa huongeza mvuke, hubadilisha pampu, hulaumu zamu ya usiku. Kitundu kinamngoja atulie. Mwishowe anafanya lililopaswa kufanywa asubuhi: anasimamisha kazi, anavuta ombwe, anafunga vali zote, kisha anakaa mbele ya geji na daftari. Shinikizo likipanda kwa mwendo uleule dakika baada ya dakika, hewa inaingia. Likipanda kisha likatulia, hayo ni maji yaliyobaki ndani yanayogeuka mvuke, na mshtakiwa aachiliwe. Hatia ikithibitika, anapaka povu la kunyolea kuzunguka kila flenji na kuchuchumaa. Flenji ya kwanza, povu limekaa. Ya pili, limekaa. Ya tatu, katikati ya bolti mbili, povu linabonyea, linafanya shimo, linanywewa ndani, na kitundu kinajitambulisha. Mwali wa mshumaa nao huinama kukielekea, ila kwenye mtambo wa spiriti mshumaa ni njia ya mkato ya kwenda kumwona Muumba.

Hata hivyo kinasingiziwa mno. Maji ya kupozea yakiwa vuguvugu mwezi wa Februari, kitundu! Mvuke wenye unyevu ukila nozeli ya ejekta, kitundu! Magamba yakijaa kwenye mabomba ya kondensa kwa sababu hakuna aliyeyakwangua, kitundu! Na kashfa kubwa kuliko zote inatoka vitabuni. Kitabu kilichoandikiwa watu wa pwani kinaagiza geji isome inchi 26 za ombwe. Bungoma, mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa yote iliyopo haifiki inchi 25 na nusu. Endebess haifiki hata 24. Ifyonze yote, usibakize hata pumzi ya inzi, 26 hutaiona. Na bado atatokea fundi wa kukaza bolti mpaka zikatike, akimtafuta mwizi, kumbe aliyechukua zile inchi ni Mlima Elgon. Dawa ni kupima shinikizo lililobaki ndani, kuanzia sifuri ya ombwe kamili, badala ya kulipima kwa hewa ya nje inayobadilika kila unapopanda kilima.

Kwa hiyo nakiombea haki. Kisihukumiwe kabla ya geji yenyewe kukaguliwa. Kisisakwe kabla ya mtu kupima joto la maji ya kupozea na kuutazama mvuke wa boila. Na kikipatikana na hatia, kizikwe kwa heshima: gasketi mpya, bolti zikazwe kwa kupokezana pande zinazotazamana, spana irudi stoo. Matanga yasizidi zamu moja, kwa kuwa ndugu zake wapo flenji ya nne.