Ukungu wa Kioo kati ya Lamadi na Bariadi

Sakitu, yaani umande ulioganda ukawa barafu nyembamba, ni tabu ya Kitulo na Makete kule nyanda za juu, wala Mkoa wa Simiyu haujapata kuihitaji ili kumzuia dereva asione njia, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa kikamilifu na pumzi za abiria. Katika msimu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba ukafika hadi Mei, mchomoko, yaani gari dogo la abiria lililotengenezwa Japani kwa watu watano na kupatiwa elimu ya ziada Kanda ya Ziwa, huondoka Lamadi na watu wanane waliolowa, mtoto wa mgongoni, na kuku wawili ambao nao hupumua ingawa hawalipi nauli.

Kila hewa ina kiwango chake cha umande, ambacho ni halijoto ambayo mvuke uliomo huanza kugeuka matone. Na kwa kuwa mvua hukipoza kioo kwa nje, huku nguo mbichi na pumzi zikiongeza mvuke kwa ndani, matone hayo hutua kiooni. Dereva huongeza kasi ya waipa, ambazo ziko nje, akawa anasafisha kwa bidii upande usio na kosa. Kisha huchukua kitambaa kilekile ambacho asubuhi kilifuta kijiti cha kupimia oili, na utando wa mafuta kinaouacha huzitawanya taa za lori linalotoka Bariadi hadi kioo kizima kikawaka.

Hapo huibuka mjadala wa dirisha. “Suka, fungua kidogo, huku nyuma tunakufa,” husema mmoja, na mama mwenye mtoto hujibu, “Baba, usifungue, mtoto analowa.” Anayetaka lifunguliwe ana haki, maana hewa ya nje, hata mvua ikinyesha, kwa kawaida ina mvuke mdogo kuliko ya ndani. Tiba iliyo bora zaidi ni kiyoyozi, ambacho madereva wengi hukiona ni cha kiangazi tu na mlaji wa mafuta, ilhali hupitisha hewa kwenye vijibomba baridi, mvuke ukageuka maji na kudondoka chini ya gari, ambako wapita njia wema humwambia dereva kwamba gari lake linavuja. Hewa hiyo ikielekezwa kiooni pamoja na joto kiasi, na kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari kikizimwa ili hewa ya nje iingie, ukungu hukatika upesi.

Yote haya hutegemea gesi ya kiyoyozi, ambayo katika michomoko mingi iliisha enzi za mmiliki wa awali. Dereva wa namna hiyo hubaki na njia moja ya uhakika, nayo ni kuegesha pembeni na kufungua milango yote mpaka kioo kikauke. Abiria nao hutumia nafasi hiyo kushuka kuchimba dawa, kisha hurudi ndani wakiwa wamelowa upya.