Sura Mpya ya Pochi ya Zamani: Mwongozo kwa Fundi Mwenye Haraka

Ifungue kwanza hiyo pochi ya zamani kwenye kompyuta yako, uitazame vizuri, kisha ukunje uso. Bitcoin Core, kwa mfano, bado inasimama juu ya maktaba ya Qt iliyoingizwa mwaka 2011, na umri huo unaonekana: vitufe vya mraba, orodha ya miamala iliyonyooka kama daftari la mhasibu. Kosa lake lisilosameheka ni kwamba inafanya kazi. Unaandika anwani, unaandika kiasi, unabonyeza Tuma, sarafu zinakwenda. Mtumiaji hapati hata nafasi ya kuvutiwa.

Dawa yake ni teknolojia za wavuti, zikifungashwa ndani ya Electron. Chombo hiki kilizaliwa GitHub mwaka 2013 kwa ajili ya kihariri cha Atom, na kazi yake ni kubebesha kila programu kivinjari kizima cha Chromium pamoja na Node.js. Yaani ili mtu aone salio lake, ambalo ni namba moja, utampakulisha megabaiti zaidi ya mia. Akilalamikia bando, mwonyeshe vivuli laini vya vitufe.

Hapo hapo ndipo penye utamu. Chromium imejengwa kwa kumshuku kila mgeni: ukurasa wowote unafungiwa chumbani usiguse mafaili ya mwenye nyumba. Node.js kazi yake ndiyo hiyo, kusoma mafaili na kuendesha amri. Ukiziunganisha ovyo, msimbo wowote uliopenya kwenye ukurasa wako utajikuta uso kwa uso na faili la funguo za siri. Watengenezaji wa Electron walijaribu kuharibu sherehe: toleo la 5 la mwaka 2019 likaufunga mlango huo tangu mwanzo, na toleo la 12 la mwaka 2021 likaongeza ukuta. Usikate tamaa. Badilisha maneno mawili kwenye mipangilio na kila kitu kitafanya kazi tena, kwako na kwa wezi.

Kama unahitaji mfano wa kuiga, upo Mist, pochi na kivinjari cha Ethereum kilichojengwa juu ya Electron. Desemba 2017 wenyewe walilazimika kuwaonya watumiaji wasitembelee tovuti wasizoziamini, kwa sababu ya ufa wa Chromium uliokuwa haujazibwa upande wao. Kivinjari cha kutotembelea tovuti! Machi 2019 waliamua kuachana nacho, nadhani kwa kukosa subira.

Kuhusu hesabu usijisumbue sana. Ni kweli kwamba JavaScript ikijumlisha 0.1 na 0.2 hujibu 0.30000000000000004, na kwamba namba zake za kawaida huaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Satoshi zote, yaani vipande vidogo vya Bitcoin, zitakazowahi kuwepo, milioni 21 mara milioni 100, zinaenea humo bila shida. Ether ndiyo yenye kiburi: moja ina wei 1 ikifuatiwa na sifuri 18. Ukiongeza wei moja juu yake, JavaScript itakujibu kwamba hujaongeza kitu. Ipo BigInt ya kutibu hilo, lakini vifaa vya kuchorea grafu vinaweza kuigomea, na grafu ndiyo wawekezaji wanayoitazama.

Sasa vifurushi vya msimbo. Hapa usiwe bahili. Kila kazi ndogo, hata ya kupaka rangi maandishi, tafuta kifurushi cha mtu usiyemjua, ambaye naye ametegemea vya watu asiowajua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2018 mwenye event-stream, kifurushi kilichopakuliwa takriban mara milioni mbili kwa wiki, alikuwa hakitumii tena. Mtu mmoja akajitolea kumsaidia, akakabidhiwa. Msaidizi huyo akaingiza kitegemezi kipya kiitwacho flatmap-stream, chenye msimbo uliofumbwa. Ulikuwa na adabu za ajabu: kwenye programu nyingine zote ulilala kimya, ukaamka ndani ya pochi ya Copay peke yake, na hata humo ulitafuta wenye zaidi ya Bitcoin 100 au Bitcoin Cash 1,000. Sisi wa vijisenti hatukusumbuliwa.

Wezi wa Septemba 2025 hawakubagua. Fundi mmoja alidanganywa kwa barua pepe, na vifurushi vyake maarufu, chalk na debug vikiwemo, vikatiwa msimbo wa kubadilisha anwani ya mpokeaji ndani ya kivinjari. Haukuweka anwani yoyote tu. Ulichagua kwenye orodha yake ile inayofanana zaidi na ya kweli, ili jicho lisistuke. Hilo ndilo ninaloliita kujali muonekano.

Mwisho, ujumbe unaotoka kwenye seva uonyeshe kwa madoido yote: herufi nene, viungo vya kubonyeza. Desemba 2018 wezi walifungua seva zao ndani ya mtandao wa pochi ya Electrum, na kila mtu aliyejaribu kutuma sarafu kupitia kwao alipokea taarifa nadhifu ya kumtaka apakue toleo jipya. Toleo lilikuwa lao. Zaidi ya Bitcoin 200 ziliondoka kwa siku chache. Na Electrum, ambayo wala haikujengwa kwa wavuti, ilijitetea vipi? Iliondoa madoido, ujumbe ukabaki maandishi makavu ya kuchukiza. Watu hawa hawana ladha.

Pochi ikiwa tayari, kabla ya kuitangaza, andika kabisa taarifa ya kuomba radhi. Ianze kwa "Tunalichukulia suala la usalama kwa uzito mkubwa," ifuatwe na "idadi ndogo ya watumiaji," halafu ushauri wa kuhamisha sarafu haraka kwenda pochi nyingine. Nafasi ya tarehe na ya kiasi iache wazi.