Mwulize Aliyehama

Katika uwanda wa Mkata, kati ya hifadhi ya Mikumi na mji mdogo wa Kilosa, Bwana Ngiri na mkewe walikuwa wakilea watoto wanne katika shimo la kupanga. Mwenye shimo alikuwa Nungunungu, na kila vuli ilipokaribia alipandisha kodi. Mwaka huo aliipandisha tena, watoto nao walikuwa wamekua hadi kulala kwa zamu.

"Baba watoto, tutafute kwetu," alisema Mama Ngiri.

Walikubaliana wasogee karibu na mji. Pembezoni mwa Kilosa simba hawafiki, maganda ya mihogo hayakosekani, na Nguchiro amefungua zahanati ya kutoa kupe. Karanga pori walizokuwa wakiziweka akiba tangu siku ya harusi zilifika magunia ishirini.

Ifahamike kwamba ngiri hawachimbi nyumba. Anayechimba ni Muhanga, fundi wa usiku, ambaye hukaa mahali kwa muda kisha akahama na kuacha shimo lake. Kwa hiyo katika uwanda ule kila nyumba iliyouzwa ilikuwa na mtu aliyewahi kuiacha. Wanunuzi wengi hawakulifikiria hilo. Waliuliza bei, wakauliza ukubwa, wakalipa.

Dalali wa eneo lote alikuwa Kunguru. Alikuwa mchapakazi, alifahamu kila kiwanja kuanzia Kimamba hadi Rudewa, na hela yake ya kuonyesha aliipokea kabla hajakunjua mbawa. Wengi walimwita mwongo, lakini walimwonea. Kunguru hakusema neno ambalo hakuliona kwa macho yake. Tatizo ni kwamba aliyaona yote akiwa angani.

Ilikuwa mwezi wa nane alipowapeleka kwenye kiwanja cha kwanza, ukingoni mwa mto Mkondoa. Bwana Ngiri alifika akasimama, mkia ukapanda juu wenyewe. Udongo ulikuwa mweusi na laini, nyasi mbichi ilhali uwanda mzima umekauka, na mikuyu ilitandaza kivuli hadi mlangoni.

"Bosi, maji jirani, mji unauona ule pale, hakina mgogoro," alisema Kunguru. "Nina wateja wawili wanakuja kesho. Ukiacha kishika uchumba leo, nawarudisha."

Bwana Ngiri alikwisha kushika kamba ya gunia la kwanza. Mkewe alikuwa ametazama juu. Katika tawi la mkuyu, juu kuliko kimo cha twiga mtoto, palining'inia majani makavu na kipande cha gunia kuukuu, vimejisokota kwenye gome.

"Ndugu Kunguru, nani alipanda kuviweka vile?"

"Mama, mimi ni wa kuruka. Mambo ya chini huulizwa wa chini."

"Na aliyekuwa akikaa hapa, alihamia wapi?"

Kunguru alikaa kimya, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo.

Bwana Ngiri alikasirika. Alisema kwamba wateja wa kesho watakichukua, kwamba wanawake wakianza kuhesabu majani ya mti nyumba hainunuliwi, na kwamba yeye ndiye baba wa familia. Mama Ngiri alimwacha amalize. Kisha akasema: "Mume wangu, ukoo wetu huingia shimoni kinyumenyume, uso ukiwa nje, ili tuone kilichokuwa nyuma yetu. Nyumba tutakayoilalia miaka yote, kwa nini tuinunue kwa kukimbilia mbele?"

Wa kuulizwa alikuwa Muhanga, naye hulala mchana, kwa hiyo kumpata ilibidi wakeshe, na ngiri si wanyama wa usiku. Walimkuta mbali kwenye miinuko, akichimba.

"Shikamoo, Mzee Muhanga."

"Marahaba, wanangu. Usiku huu kuna nini?"

Walimweleza. Mzee akaacha kuchimba, akaketi.

"Lile shimo alilichimba baba yangu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika. Nyumba za watu pale Kilosa zilizama, reli ya kati iling'olewa na maji. Msidanganywe na mbingu nyeupe juu yenu. Mto ule hubeba mvua ya Mpwapwa na ya Dodoma. Huku kwenu kunaweza kuwa kukavu na maji yakaja usiku. Udongo mnaousifia ni laini kwa sababu mto ndio unaoumwaga pale, na yale majani ya mkuyuni ni alama ya pale maji yalipofika. Ningewaambia wote walionunua. Hakuna aliyekuja."

Asubuhi yake kiwanja kilichukuliwa. Aliyekinunua alikuwa Nyani, aliyekuwa akifanya kazi mbali sana, akatuma malipo kwa mdogo wake na kupokea habari kwamba mahali ni pa kijani. Bwana Ngiri aliinamisha kichwa, hakusema tena habari za majani.

Kiwanja cha pili kilikuwa kando ya barabara iendayo Mikumi. Kunguru alikisifia kwa haki: magari yanapita mlangoni, na mwenye biashara hana haja ya kwenda sokoni. Bei ilikuwa nusu ya ile ya mtoni. Safari hii Bwana Ngiri mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Aliyekuwa hapa yuko wapi?"

Alikuwa Kicheche, sasa amejibanza kwenye kichuguu cha shemeji yake. Aliwatoa nje akawaonyesha jinsi ya kupima. Simama katikati ya barabara kuu, akasema, uhesabu mita 30 kuja upande wako; ndani ya hapo ni hifadhi ya barabara, tangu sheria ya mwaka 2007. Yeye alinunua ndani ya mstari akidhani bei ni bahati. Siku moja akakuta alama ya X, nyekundu, kwenye mlango. Kisha likaja greda.

"Muuzaji ulimrudia?"

"Nilimrudia. Aliniuliza kama kuna mahali kwenye maandishi yetu panaposema hapatapita barabara. Hapakuwa na mahali."

Kiwanja cha tatu nusura kiwatie ndani. Kilikuwa juu ya mafuriko, mbali na barabara, kimepimwa, bikoni zake nne zimesimama, hati ipo. Muuzaji, Bwana Bweha, aliwakaribisha kwa heshima, akawatandikia mkeka, akawaonyesha karatasi moja baada ya nyingine. Bwana Ngiri alizisoma zote mara mbili. Watoto walikwisha kugawana vyumba.

Mama Ngiri alitazama jikoni. Mafiga yalikuwa yamepoa siku nyingi. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na khanga moja iliyopauka kwa jua bila mtu wa kuianua.

"Shemeji, mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amekwenda kwao kusalimia," alijibu Bweha, akakunja hati.

Kwao hakukuwa mbali. Mama Bweha aliwapokea akiwa na mtoto mgongoni. Hakujua kwamba nyumba inauzwa. Alieleza, bila kupaza sauti, kwamba yeye ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia matofali akiwa na mimba ya huyu aliye mgongoni, kwamba ugomvi wao bado uko kwa wazee, na kwamba jina lake halimo kwenye hati kwa kuwa siku ya kuandikisha alikuwa amejifungua. "Nyumba ile sijaiacha," alisema. "Nimeondoka kwa hasira, nami nitarudi."

Bwana Ngiri alikaa muda mrefu. Njiani kurudi alisema neno ambalo mkewe hakulitarajia: "Tungelala humo, mama watoto, tungelala juu ya haki ya mtu."

Walipomweleza Kunguru, naye alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitua chini. Akatembea kwa miguu siku nzima, akiulizia waliohama, na jioni akaja na habari za kiwanja cha nne ambacho mwanzoni hakukitaja, kwa sababu kikitazamwa kutoka angani hakipendezi. Kilikuwa chini ya vilima vya kuelekea Ukaguru, chenye mawe, mlango wake ukitazama mawio.

Aliyehama pale alikuwa bibi kizee wa ukoo wa Nungunungu, aliyewafuata wajukuu Morogoro. Walisafiri hadi kwake. Aliposikia wametoka kuitazama nyumba yake ya zamani, aliuliza kwanza kama mwembe umezaa. Ndipo akaanza kuwatajia mabaya. Maji yako mbali, mtoto mmoja atakuwa kazi yake ni hiyo. Kuchimba kisima pale ni kuvunja meno. Upepo wa mwezi wa saba huingia hadi chumba cha ndani. Na jirani wa upande wa msitu ni Perere, ambaye hulia usiku kama anayechinjwa, ingawa ukiugua ndiye wa kwanza kufika.

"Na mazuri, bibi?"

"Nimezeekea pale. Maji hayajawahi kuvuka kizingiti."

Hawakulipa siku hiyo. Walisubiri vuli, wakaenda kukitazama kiwanja mvua ikinyesha, wakasimama mlangoni wanalowa ili waone maji yanapita wapi. Kisha wakamwita Mzee Kobe, mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wa pande nne. Wote walizunguka mpaka kwa miguu, Perere akiwa mbele, na kila kona ikapandwa mkonge. Maandishi yakasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi. Muuzaji, mwenye kiwanja wa sasa, alitia sahihi pamoja na mkewe. Mnunuzi akatia sahihi, na Mama Ngiri pia, jina lake likiandikwa kamili. Kunguru alilipwa haki yake yote na gunia moja la nyongeza.

Masika ilipofika, mvua kubwa ilinyesha Dodoma. Kilosa jua lilikuwa linawaka. Usiku wa tatu Mkondoa ulipanda. Mdogo wake Nyani aliokolewa juu ya mkuyu, ameshika tawi lile lile lenye kipande cha gunia. Wa kwanza kumpokea na kumpa pa kulala walikuwa kina Ngiri. Walimwambia akae hadi maji yapungue, na kaka yake wakamtumia ujumbe kwamba ndugu yake yu hai.

Msomaji, mimi naamini hekaya hii ni ya kwetu sote tunaotafuta pa kujenga kando ya miji midogo, iwe Kilosa, Katesh, Ifakara au Mto wa Mbu. Mtu anaweza kutumia mshahara wa miaka kumi kununua ardhi ambayo ameitazama kwa nusu saa, kiangazi, akiwa na dalali pembeni. Mwenzake akimwomba asubiri, anaambiwa analeta mkosi.

Sheria ziko upande wa mnunuzi anayeuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barabara kuu ina mita zake 30 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Kiwanja kilichopimwa kinaweza kufanyiwa upekuzi kwa msajili wa hati, ukajua kama kimewekwa rehani au kina zuio. Ardhi ya kijiji ina halmashauri ya kijiji chake, ambayo lazima ihusike, maana mwenyekiti peke yake si kijiji. Hayo yote yafanye, wala usione aibu kuonekana msumbufu.

Lakini ofisi itakueleza kilichoandikwa tu. Haitakuambia kwamba maji huja usiku, wala kwamba kuna mama mmoja kwa wazazi wake anayengoja ugomvi uishe arudi jikoni kwake. Hayo anayajua aliyeishi pale akaondoka. Hana cha kukuuzia, na uchungu au upendo wa mahali bado anao. Kumtafuta kunachosha: hakai jirani, pengine yuko mkoa mwingine, na nauli ni yako. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya ukuta utakaobomolewa.

Nenda basi kwake pamoja na mwenzako wa ndoa, mkae, mumsikilize hadi mwisho. Akisita kuongea, msilipe mpaka mjue sababu. Akiwatajia kasoro za pale zote, na nyinyi mkaona kwamba mnaweza kuishi nazo, rudini mkalipe kwa moyo mmoja.