Altezza, Namba B

Kila gari linalouzwa Dar es Salaam lilikuwa la mwanamke. Wanaume wa mji huu sijui huwa wanaendesha nini, maana sijapata kuona tangazo linalosema gari lilikuwa la kijana aliyekuwa akishindana na wenzake usiku pale Daraja la Tanzanite. Ni la mwanamke, tena mama mtu mzima, analipeleka kanisani Jumapili na kulirudisha. Halijawahi kupiga mzinga, injini haijafunguliwa, ni kuwasha na kuondoka, na mwenyewe analiuza kwa sababu anasafiri. Hao akina mama wote wanasafiri kwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Nilipokwenda kuiona Altezza ya mwaka 1999, dalali alinisomea maneno hayo hayo bila kuruka mstari. Nikalizunguka gari. Mama wa kanisani alikuwa ameweka rimu za inchi 18, spika mbili kubwa kwenye buti, maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha mbele na bomba la moshi ambalo ngumi ya mtu mzima inaingia. Nikamwambia dalali huyo mama inaonekana ni mwimba kwaya wa sauti nzito. Akacheka, akanipa funguo. "Bosi, we washa tu usikie."

Nikawasha. Nikasikia. Mazungumzo ya bei yaliyofuata yalikuwa ya kutimiza taratibu.

Kwa wasiolijua, hili si gari la kuonewa haya. Toyota walilitoa mwaka 1998, mhandisi wake mkuu akiwa Nobuaki Katayama, na likanyakua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998-1999. Nchi nyingine wanalijua kwa jina la Lexus IS. Langu ni RS200, injini ya 3S-GE ya lita mbili, gia sita za mkono, nguvu za farasi 210, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Dashibodi imechorwa kwa mfano wa saa ya mkononi ya kifahari, duara kubwa lenye visindano vidogo ndani yake. Na zile taa zake za nyuma zenye kioo kisicho na rangi ziliigwa duniani kote, mpaka Wamarekani wakaziita taa za Altezza, wakati huko kwao hakujauzwa hata gari moja lenye jina hilo. Hizo taa zikumbuke, tutazihitaji.

Kuagiza jingine kutoka Japani hakukuwa na maana. Gari dogo lililopita miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu, na Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Majirani zetu wa Kenya ndio hawataki hata kulisikia, wao gari lililozidi miaka minane halipiti bandarini. Kwa hiyo unaponunua Altezza leo unanunua lililokwisha kuishi hapa, lenye namba ya usajili ya herufi B, wakati mtaa mzima unaulizana nani amepata E. Mwanangu aliniomba nimshushe mbali kidogo na geti la shule. Alisema anataka kufanya mazoezi ya kutembea.

Shida ya kwanza ya gari la mbio katika mji huu ni kwamba hakuna pa kukimbilia. Maeneo ya makazi mwendo ni 50, na hiyo 50 yenyewe uipate. Asubuhi kutoka Kinyerezi nakaa gia ya kwanza na ya pili, klachi inaumia, goti linaumia, na bajaji inanipita kushoto dereva wake akinywa uji. Gia ya sita ipo, nimeiona imechorwa kwenye kitasa. Wenzangu wakipigwa tochi wanapigwa kwenye 90, angalau wana cha kusimulia wakishalipa ile faini ya 30,000. Mimi nilipigwa kwenye 56, nyuma ya lori la mchanga. Trafiki alilitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, hata wewe?"

Halafu matuta. Gari limeshushwa chini na yule mama wa kanisani, kwa hiyo tuta halivukwi kwa kunyooka. Unalikata kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, huku bodaboda nyuma yako wakikutajia wazazi wako. Nikiwa peke yangu linapita. Nikiwa na mke wangu linagusa kidogo. Siku nilipokwenda kumchukua mama mkwe stendi ya Magufuli, tulipofika kwenye lile tuta la karibu na nyumbani ilinibidi nizime redio.

"Mama, samahani, tunaomba ushuke kidogo tu, tuvuke hapa, halafu utapanda."

Mama mkwe alishuka. Alifunga khanga yake vizuri, akatangulia mbele ya gari kwa miguu, akasimama upande wa pili kunisubiri, mkoba kwapani, wauza mahindi ya kuchoma wote wakiangalia. Alipopanda hakusema kitu mpaka tulipofika getini. "Marehemu baba yenu alikuwa na Peugeot 504," akasema. "Tulikuwa tunapanda saba na mbuzi." Tangu siku hiyo akija anasema atachukua bajaji, tusihangaike.

Lakini matuta hata hayanikondeshi. Wanaonikondesha ni mafundi.

Fundi wa Kibongo hata uende na tatizo gani, kabla hajagusa spana lazima aulize kwanza, "Nani alikufungia hii?" Anauliza kwa masikitiko, akitikisa kichwa, kana kwamba ameitwa kutambua maiti. Nimeshajifunza kunyamaza, kwa sababu jibu linaongeza bei. Siku moja nikachoka. Fundi yuko uvunguni, miguu tu ndiyo inaonekana, nasikia sauti: "Duh! Bosi, nani alikufungia hii bushi?"

"Wewe."

Kimya. Spana ikaacha kulia. Halafu sauti ile ile, bila aibu: "Ndiyo maana nikasema ilikuwa ya muda."

Ukimwambia gari lina mlio mbele kulia, atakwambia ni stabilaiza linki. Utanunua. Mlio utabaki. Atasema basi ni bushi. Utanunua. Mlio utahamia kushoto. Atafurahi: "Unaona? Kulia kumepona." Kuna siku alichomoa kijiti cha oili, akachukua tone moja kati ya kidole na dole gumba, akalisugua, akalinusa, akaangalia mbinguni, kisha akatangaza kwamba taimingi belti imechoka. Nikabisha kwamba belti hainuswi kwenye oili. Akajibu kwamba mimi ni mtu wa ofisini. Tukafungua mfuniko. Belti ilikuwa imepasuka meno. Hapo ndipo uchungu wa mafundi ulipo. Wangekuwa wanakosea kila siku, ningeshaachana nao.

Spea ndiyo hadithi nyingine. Injini hii ya 3S-GE yenye VVT-i mbili haikuwekwa kwenye gari jingine lolote zaidi ya Altezza, kwa hiyo kila kifaa chake kinauzwa na mtu anayejua kwamba huna pa kwenda. Unafika madukani Gerezani, unaomba sensa, muuzaji anauliza, "Altezza ipi, silinda nne au sita?" Ukisema nne anaweka kalamu chini na kukupa pole kabla ya bei. Ile ya silinda sita ina injini ya 1G, ndugu wa ile iliyomo kwenye Mark II GX100 na GX110, na hizo zimejaa mji mzima. Ndiyo maana kila fundi, kila wiki, ananishauri nitoe injini yangu niweke 1G. "Utasahau shida, bosi." Najua nitasahau. Nitasahau na farasi karibu hamsini.

Wasio mafundi wao ushauri wao ni mmoja: uza, chukua IST. Shemeji kasema. Mhasibu wa ofisini kasema. Mlinzi wa benki, ambaye hatujawahi kusalimiana, kasema. Sina ugomvi na IST, ni gari la watu wenye akili timamu, linakunywa kidogo, na spea yake utaipata hata ukiwa umevaa kandambili. Langu linakunywa. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenzangu wanasoma habari, mimi nasoma hukumu. Bima kubwa nimeambiwa haiwezekani kwa umri wake, nichukue ndogo. Wakala alivyosema "kwa umri wake" alikuwa ananitazama mimi.

Na kuna sauti. Kila ninapowasha, mwanamke wa Kijapani anazungumza kutoka chini ya dashibodi, kwa adabu kubwa, sentensi moja. Kwa muda mrefu nilimpenda. Nilidhani ananitakia safari njema, na katika gari hili alikuwa ndiye pekee asiyeniomba hela. Mpaka rafiki yangu aliyesoma Osaka alipopanda, akasikiliza, akacheka. Ni kile kifaa cha kulipia barabara za kule kwao. Anasema sijaweka kadi ya malipo.

Siuzi. Wanaoniuliza kwa nini siuzi hawajawahi kupanda nami alfajiri ya Jumapili kwenda Kibaha, barabara pana, foleni hakuna, injini ikiwa imeshapata joto lake. Kuanzia mizunguko 6,000 sauti inabadilika kabisa, na nguvu zote hazijatoka mpaka ifike 7,600. Hapo hata mlio wa mbele kulia husikii. Mwendo? Mwendo ni ule ule ulioandikwa kwenye kibao, tusielewane vibaya, gia ya pili inatosha kwa starehe hiyo.

Sasa tuje kwenye taa. Ijumaa iliyopita, nikiwa msibani Tabata, nimesimamisha gari nje kwa nusu saa, watu wamefungua taa ya nyuma ya kushoto kwa utaratibu kabisa, wakachomoa soketi bila kukata waya hata mmoja. Nimezunguka maduka ya spea, wananionyesha za kuigiza, bei ya asili. Ndugu uliyeichukua, kama unasoma gazeti: hiyo nayo ni ya kuigiza. Yule mama wa kanisani aliigonga ya kushoto zamani akaweka bandia. Ya asili ni ya kulia, na sasa gari linalala ndani ya geti. Irudishe, ukutani hapo hapo msibani, sitauliza kitu. Na msomaji yeyote mwenye taa halisi ya kushoto ya RS200 iliyolala stoo, nitafute kupitia gazeti hili. Bei tutaongea, ila usiniambie ilikuwa ya mwanamke.