Nyoka Hataki Pazia

Barua za wiki hii zimetoka Ukambani, na zote ni za nyoka. Mjomba amezisoma akiwa amekalia stuli ndefu, miguu haigusi chini.

Shikamoo Mjomba. Jirani yangu amehamia Nairobi akaniuzia tangi lake la samaki. Nataka kumtia humo nyoka ninayemwona shambani: mfupi, mnono, rangi ya chungwa yenye mabaka ya kahawia, hupenda kujifukia mchangani. Tangi nimelipamba kwa mawe ya rangi, maua ya plastiki, taa za Krismasi na pazia la leso. Nimesahau nini? – Fundi wa Mapambo, Wote.

Marahaba, Fundi. Umesahau kwamba mgeni ni nyoka, si bibi harusi. Nyoka hana kope. Hizo taa zako zikimwakia usiku kucha, hana cha kufumba. Maua ya plastiki hayamfai wala hayamdhuru. Hayo ni ya kukufurahisha wewe. Yeye anataka sehemu yenye joto, sehemu yenye ubaridi, mahali pa kujificha na maji kidogo. Wewe ndiye unayetaka kifuniko, tena chenye kufuli, maana pale kichwa cha nyoka kinapopenya na mwili hufuata.

Kwa maelezo yako huyo ni boa wa mchangani. Hana sumu, jike kwa kawaida hafiki mita moja, na hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Kutwa hulala chini ya mchanga, macho tu yakichungulia, akimngoja panya ajipitishe. Marekani na Ulaya wanamfuga sana, tena wanamwita kwa jina la Kenya, na wengi wa hao wanaofugwa wamezaliwa huko huko kwenye masanduku. Upande mmoja wa sanduku hutiwa joto la nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili nyuzi 25 au zaidi kidogo, na chini hutandazwa mchanga au maranda, kina cha upana wa kiganja. Maranda ya mwerezi na msonobari hayatumiki kwa sababu mafuta yake humdhuru. Kwa ufupi, watu wanalipa stima mwezi mzima ili sebule yao ifanane na Kibwezi. Wewe Kibwezi iko hapo karibu, bure. Hilo tangi lako likikaa dirishani saa nane mchana, jioni utamkuta nyoka ameiva.

Hayo mawe sasa. Jiwe zito hukaa kwanza kwenye sakafu ya sanduku, ndipo mchanga unamwagwa kulizunguka. Ukiliweka juu ya mchanga, mwenye nyumba atachimba chini yake, jiwe litatitia, na utampata amelaliwa. Na huo mchanga wenyewe usiende kuuchota mtoni usiku na mkokoteni: Makueni ina sheria yake ya mchanga tangu 2015, na wanaoilinda hawatakuuliza kama ni wa kujengea au wa kulazia nyoka.

Haya yote nimekueleza ili usife na swali moyoni. Jibu lenyewe ni hapana. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huwezi kumwokota mnyama wa porini shambani ukamfuga nyumbani bila kibali, na kibali hicho unakiomba kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, si kwa chifu wala kwa yule jirani wa tangi. Usinijibu kwamba ni kanyoka tu. Mwezi Mei 2025 mahakama ya pale uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza vijana wawili Wabelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi kumi na miwili ndani, kwa kupatikana na chungu wapatao 5,000. Chungu, Fundi! Wale wanaotembea jikoni kwako wakitafuta sukari wana jamaa zao wenye wakili. Rudisha maji kwenye tangi, nunua samaki.

Mjomba, mume wangu aliokota mtoto wa chatu kando ya Mto Athi, akamweka kwenye ghala la mahindi ati amalize panya. Mama mkwe alipomwona aliondoka bila kunywa chai, na sasa anatusalimia kwa simu tu. Nifanye nini? – Mke Mvumilivu, Kibwezi.

Kuna wake ambao wangeuza mbuzi wawili kupata matokeo kama hayo, lakini nitajibu ulichouliza. Chatu akikomaa anaweza kupita mita nne, na siku hiyo panya watakuwa vitafunio. Atakuwa anawatazama mbuzi. Mwite afisa wa KWS aliye karibu aje amchukue. Msimuue, wala mume wako asijitie ushujaa wa kumrudisha mtoni kwenye gunia. Mama mkwe mpigie mwenyewe, umwambie ghala ni safi.

Mjomba, mimi sifugi nyoka wala sipendi wanaofuga, lakini mwezi haupiti bila kumkuta mmoja ndani. Nimechoma mipira mizee, nimemwaga mafuta ya taa, wapi. – Nimechoka, Ikutha.

Pole sana. Unasema hufugi, na mimi nasema wewe ndiye mfugaji wa kweli kati ya wote walioniandikia. Bila shaka kuni zimeegemea ukuta wa jikoni tangu mvua ya juzi: hapo pana ubaridi na maficho. Mabati mazee yamelala nyuma ya choo: hapo pana joto. Mtungi unavuja karibu na mlango, kuku wanalala chumba kimoja na watoto, na magunia ya pojo yako sakafuni, panya ndani wakila wakilala. Fundi wa Wote ametumia pesa kutafuta ulichonacho wewe bila jasho.

Kwa hiyo vunja hiyo nyumba ya nyoka. Kuni zihamie mbali na ukuta, zipandishwe juu ya mawe. Magunia yapande kwenye jukwaa, kuku wajengewe banda lao, nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo, majani yafyekwe. Watoto walale kitandani, neti imechomekwa chini ya godoro pande zote. Neti hiyo hiyo ya mbu humzuia na nyoka anayetambaa kufuata panya. Usiku tembea na tochi, kwa sababu moma hakimbii mtu, hutulia hapo hapo njiani akikutegemea umwone. Swila yeye hutema: sumu ikiingia machoni osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba, asiwekewe jiwe jeusi, kwani halivuti sumu yoyote. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, na pikipiki iitwe mara moja. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linahesabu kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa, na wanaojua jinsi yalivyopuuzwa ni nyinyi wa Ikutha.

Ukitaka kuwaona nyoka huku umetulia, Mutomo hapo jirani pana bustani ya reptilia, na Nairobi Snake Park iko pale makumbusho tangu 1961. Huko kufuli si juu yako.

Wiki ijayo niandikieni mambo ya ndoa, tafadhali.