Mhadhara wa Mvujo: Choo cha Kuning'inia na Fitina ya Silikoni

Mabibi na mabwana, wenye maghorofa pamoja na wapangaji wenu waliolowa: anayewahutubia ni Bingwa wa Mvujo Linganishi, cheo ambacho hakuna chuo kilichothubutu kunipa, nami sikusubiri. Hoja yangu ni moja, na ustaarabu mzima umeiegemea: choo cha kuning'inia ukutani kinapovuja, dhambi kubwa si uvujaji, ni silikoni. Mtu anaona maji yakichuruzika kwenye marumaru chini ya sinki la choo, anakimbilia dukani, anapaka ule uji mweupe mzunguko mzima, kisha anajipongeza. Kumbe amemziba mdomo shahidi.

Tuutazame ushahidi. Sinki hili halijui sakafu. Limetundikwa kwa bolti mbili zinazotoka kwenye fremu ya chuma iliyozikwa ukutani pamoja na tangi lake, fremu ambayo watengenezaji wengi hutangaza kuwa inahimili kilo 400, yaani bwana harusi na wajomba zake wanne. Nyuma ya sinki kuna matundu mawili: la juu hupokea maji ya tangini, la chini hupeleka yale ambayo mhadhara wenye heshima hauyataji. Kinachozuia mvujo katika kila tundu ni mpira tu. Nati zikilegea, sinki hucheza kila anapokaa mtu, na mpira huachia kidogo kidogo. Basi angalieni saa. Maji yakitokea pale tu unapobonyeza kitufe, mshukuni mpira mmojawapo. Wa juu au wa chini, pua itaamua. Yakidondoka usiku kucha hali hakuna aliyegusa kitu, mshtakiwa ni bomba linaloingiza maji tangini au maungio yake. Yakichirizika ndani ya sinki lenyewe, ni washa ya valvu iliyo chini ya tangi imechoka, au boya halifungi na maji yanafurika. Silikoni inamtibu nani kati ya hawa? Inayageuzia maji njia tu, yarudi nyuma ya ukuta, yalainishe jipsamu, kisha yamtembelee jirani wa chini kupitia dari yake bila kupiga hodi.

Nawaona wabishi wa safu ya nyuma. Mmoja anasema huo si mvujo, ni jasho la baridi tu, unyevu wa hewa uliotua kwenye tangi. Ndugu yangu, katika nchi za baridi ningekuelewa. Lakini maji ya simtangi yaliyopikwa na jua la Dar es Salaam juu ya paa tangu asubuhi yatoe jasho la baridi kwa sababu gani? Wa pili analia kwamba tiba yangu itamvunjia marumaru. Haivunji hata moja! Lile bamba la vitufe ni dirisha, si pambo: likibanduliwa, karibu kila kilichomo tangini kinafikika kwa mkono. Na mipira hufikiwa kwa kulishusha sinki. Funga koki, bonyeza kitufe tangi limwage maji, legeza nati mbili, mlishike sinki watu wawili maana ni zito na halisamehe likianguka. Badilisha mipira yote miwili, hata kama mmoja unaonekana mzima; anayebania mpira wa pili atalishusha sinki mara ya pili. Ilainishe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa grisi ya gari, ambayo huila. Kaza nati kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, na usioneshe ubabe, kwani kauri hupasuka.

Na wale ambao mikono inawawasha kwa silikoni, haya, pakeni juu na ubavuni. Chini acheni wazi, ili maji yakitoka tena yapate pa kutolea taarifa. Wanaotaka vyeti vya kuhudhuria wapange foleni kushoto. Choo kiko kulia, ila kwa leo kimefungwa.