Ongeza Tu, Mheshimiwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Mipango, Serikali ya Kaunti Yetu

KUH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA KIBALI CHA UWANJA WA HELIKOPTA KWENYE ARDHI YA KILIMO

Mheshimiwa,

Tangazo nimelisoma, ingawa haikuwa kazi rahisi. Limebandikwa upande wa ndani wa lango la mwombaji, kwa hiyo jirani anayetaka kupinga sharti kwanza akaribishwe na mlinzi. Lilichapishwa gazetini pia, kwa Kiingereza, na gazeti huku kwetu hufika likiwa limefungia nyama. Tulipomaliza kula tukaanza kusoma, zile siku 14 za kutoa pingamizi zilikuwa ukingoni. Usiwe na wasiwasi lakini. Siandiki kupinga, naandika kukuunga mkono. Ongeza muda.

Kwanza, ardhi ile haijaacha kuwa ya kilimo. Hati inasema kilimo, na ramani iliyo ukutani mwa ofisi yako inasema kilimo. Kilichobadilika ni zao tu. Zamani palikuwa na mahindi, ambayo kwa baridi ya huku humkalisha mtu miezi sita, saba, akipalilia na kupigana na viwavi. Chopa hutua Ijumaa jioni na huvunwa Jumapili baada ya ibada. Haihitaji mbolea ya ruzuku wala haishambuliwi na viwavijeshi.

Pili, nimevutiwa na mantiki ya ombi lenyewe. Kibali cha kwanza kilikuwa cha muda mfupi, cha msimu wa kampeni za 2022. Kampeni zikaisha, ukaongeza, kwa sababu zege lilikuwa limeshamwagwa na ingekuwa hasara kulivunja. Sasa mwombaji anasema uongeze tena kwa kuwa ardhi ile haifai kulimwa: ina zege. Hoja kama hii haihitaji wakili. Inajizaa yenyewe, na Agosti 2027 itakapofika itakuwa na wajukuu.

Mwombaji ameeleza pia kwamba uwanja utafaa kwa dharura za wagonjwa. Hapo nilikaribia kutoa machozi. Mama mmoja wa kijijini kwetu aliposhikwa na uchungu usiku alipelekwa zahanati kwa wilbaro, wakapita naye kando ya ua wa uwanja huohuo. Chopa ilikuwa imelala. Siilaumu, haikuitwa, na kati yetu hakuna mwenye namba ya rubani. Nafasi ya kutua ipo, tena ipo kwa wote, mradi mgonjwa aje na helikopta yake.

Ila ninachokipenda zaidi ni jinsi unavyoiheshimu sheria. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabiwe kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo ofisi yako ikinyamaza, imekubali. Sisi majirani tukinyamaza siku zetu 14, nasi tumekubali. Nimetafuta mahali ambapo kimya humsaidia mtu anayelima, sijapaona. Nikadhani basi dawa ni kusema. Tukasema, katika kikao cha kushirikisha umma, tena kwa sauti. Tukapewa soda, na ripoti ikaandika kwamba wananchi walishiriki.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, anataka kumkatia mwanawe robo ekari ajenge. Ardhi ni yake, mwana ni wake. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inamtaka apate idhini ya bodi, na mapatano asipoyapeleka huko ndani ya miezi sita, ni kama hayakuwahi kufanywa. Amekwenda, amerudi, amekwenda tena. Bodi ina hofu kwamba shamba likikatwakatwa litapoteza tija. Katiba nayo, kifungu cha 60, inataka ardhi itumiwe kwa tija. Tija ya robo ekari ya kijana inachunguzwa kwa miwani. Tija ya zege hakuna aliyeiuliza. Nimemshauri mzee aombe uwanja wa ndege wa robo ekari, kisha kijana akae humo kama mlinzi.

Kuhusu manung'uniko ya upepo na kelele, yapuuze, hiyo ni fizikia tu. Chopa ndogo kama Robinson R44, ya watu wanne pamoja na rubani, ikijaa huwa na karibu kilo 1,100, na ili ielee hewani lazima isukume chini hewa ya kuweza kuubeba uzito huo wote. Hewa hiyo sharti iende mahali. Huja kwangu. Mahindi yangu yameshajifunza kusujudu. Kuku wa jirani hukimbilia kona moja ya banda na kulaliana hadi wa chini wakose pumzi. Ng'ombe naye akishtuka, mwili wake hutoa homoni ya woga inayozuia maziwa kushuka, na chopa hupenda kufika saa ya kukamua. Mke wangu hubaki ameikumbatia ndoo, anatazama juu.

Basi, kwa kuwa utaongeza muda, nina ombi langu dogo. Jumatatu hadi Alhamisi zege lile huwa tupu. Ni tambarare, safi, lina ua na mlinzi, na jua hulipiga tangu asubuhi. Sisi tunaanika mahindi kando ya barabara, matatu zikiyapitia juu. Bodi ya Nafaka haitaki yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na yasipokauka vizuri huota kuvu, ikaja sumukuvu. Naomba kibali kipanuliwe, kisomeke: uwanja wa helikopta na uanikaji wa mahindi. Ramani yako haitahitaji kusahihishwa. Maturubai ni yetu. Rubani tunamwomba tu atupigie simu kabla ya kutua, tuwahi kukusanya.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, tutaanza kuanika.

Wako mtiifu,
Mkulima wa upande wa pili wa ua